Watoto walioamrisha watu wazima baharini

Ndugu msikilizaji, mtoto wa miaka 12 hapa mjini yuko shule ya msingi. Bado anatumwa dukani kununua chumvi, na akichelewa kurudi anaulizwa alikuwa wapi. Lakini miaka zaidi ya 200 iliyopita, mtoto wa umri huo huo katika Jeshi la Majini la Uingereza aliweza kuwa ndani ya manowari katikati ya bahari, amevaa koti la buluu na kisu kirefu kiunoni, akiwaamrisha mabaharia wenye umri wa baba yake. Nao walimtii, kwa sababu kumkatalia amri lilikuwa kosa la kupigwa mijeledi.

Vijana hao ndio ninaotaka tuwazungumzie wiki hii. Jina lao la Kiingereza lilikuwa na maana ya watu wa katikati ya meli, kwa kuwa hapo zamani mahali pao pa kazi palikuwa katikati ya chombo. Mimi nitawaita maofisa wanafunzi, jina ambalo wengi wetu tunalifahamu kutokana na wale wanaosomea uofisa kule Monduli. Tofauti ni kwamba ofisa mwanafunzi wa Monduli anaingia akiwa mtu mzima aliyemaliza shule. Hawa wa zamani waliingia wakiwa watoto, na shule yenyewe ilikuwa ni meli.

Huenda ukauliza, mambo ya meli za matanga za Wazungu yanatuhusu nini? Yanatuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, vijana hao walifika hadi pwani yetu hii, na mmoja wao aliwahi kushika madaraka ya mji wa Mombasa. Pili, habari yao inagusa swali ambalo kila nchi inalo hadi leo: viongozi wapatikaneje? Kwa kujuana, au kwa kupimwa?

Tuanze na ofisa mwanafunzi mwenyewe. Ndani ya manowari palikuwa na tabaka mbili kubwa, yaani maofisa na mabaharia wa kawaida. Ofisa mwanafunzi hakuwa kamili katika tabaka lolote. Alikuwa na ruhusa ya kutembea kwenye sitaha ya nyuma, mahali pa maofisa, na mabaharia walimwita bwana. Lakini hakuwa na hati ya uofisa kutoka serikalini. Cheo chake alipewa na kapteni wa meli, na kapteni huyo huyo aliweza kumvua asubuhi yoyote akamtupa kwa mabaharia. Alama yake ilikuwa kipande cheupe kwenye ukosi wa koti. Maofisa wanafunzi wa Uingereza wanakivaa hadi leo.

Kazi zake zilikuwa nyingi. Alfajiri alisimamia ukunjaji wa machela za kulalia na uoshaji wa sitaha. Wakati wa zamu, ambayo kwa kawaida ilikuwa ya saa nne, alimsaidia luteni. Aliangusha majini kamba yenye mafundo ili kupima mwendo wa meli, kisha akaandika kwenye daftari. Ndiyo maana hata sasa mwendo wa meli unatajwa kwa noti, neno ambalo kwa Kiingereza ni fundo. Amri ya kukunja matanga ilipotolewa, yeye alipanda mlingotini pamoja na mabaharia, usiku au mchana, mvua au dhoruba, ili aone kazi inafanyika sawasawa. Alipeleka ujumbe, alisoma bendera za ishara kutoka meli nyingine, na meli ilipotia nanga yeye ndiye aliyeongoza mashua kwenda pwani kuteka maji au kununua chakula.

Adhuhuri ilikuwa saa ya hesabu. Maofisa wanafunzi walisimama pamoja na mkuu wa uongozaji wa meli, kila mmoja na chombo chake cha kupimia kimo cha jua, kisha wakakaa kutafuta meli iko latitudo gani. Aliyekosea hesabu alirudia. Meli kubwa zilikuwa na mwalimu wa kuwafundisha hisabati, na mahali ambapo hapakuwa na mwalimu, kasisi au kapteni mwenyewe alishika kazi hiyo. Kapteni aliyependa kufundisha alitoa maofisa hodari. Kwa kapteni asiyejali, vijana walijifunza kunywa na kucheza kamari.

Malazi yao yalikuwa chini kabisa, kwenye sitaha iliyo chini ya usawa wa maji, ambako jua halifiki na mwanga ni wa mishumaa. Chakula kilikuwa nyama ya chumvi iliyokaa miezi kwenye pipa na biskuti ngumu zenye wadudu. Humo ndani kijana wa miaka 12 aliishi pamoja na wenzake wa miaka 20, hata 30 na zaidi, ambao walishindwa kupanda cheo. Mkubwa aliweza kumwonea mdogo apendavyo. Makosa ya kazi yaliadhibiwa kwa kupelekwa juu ya mlingoti kukaa huko saa nyingi kwenye upepo, na makosa makubwa zaidi kwa viboko.

Vita vilipoanza, ofisa mwanafunzi alipewa mizinga kadhaa aisimamie, pamoja na watu wanaoijaza baruti na kuivuta. Hapa umri haukuhesabiwa. Katika vita vya Trafalgar, tarehe 21 Oktoba 1805, meli kuu ya Waingereza iliyoitwa Victory ilikuwa na watu zaidi ya 800 na mizinga zaidi ya 100. Ofisa mwanafunzi William Rivers, mtoto wa mkuu wa mizinga wa meli hiyo hiyo, alikatwa mguu siku hiyo. Mwenzake Robert Smith aliuawa. Mwingine, John Pollard, ndiye anayetajwa sana kuwa alimpiga risasi Mfaransa aliyemlenga Admeri Nelson. Nelson mwenyewe alibebwa hadi kwa madaktari kule chini, kwenye sehemu ile ya giza ambayo ndiyo makazi ya maofisa wanafunzi, akafia hapo.

Nelson aliwahi kuishi mahali kama hapo. Mwaka 1771, akiwa na miaka 12, alipelekwa kwenye manowari iliyoitwa Raisonnable. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa la kijijini, mwenye watoto wengi na mali kidogo, na mama yake alikwisha kufariki. Mtoto huyo alipataje nafasi? Kapteni wa manowari hiyo, Maurice Suckling, alikuwa mjomba wake.

Hapa ndipo tunapofika kwenye kiini cha mazungumzo ya leo.

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 18, serikali ya Uingereza haikuwachagua vijana hawa. Kapteni ndiye aliyewachagua. Sheria ilimruhusu kuwa na watumishi wanne kwa kila watu 100 wa meli yake. Kwa jina walikuwa watumishi, lakini wengi wao hawakupika wala kufua. Walikuwa watoto wa ndugu zake, wa rafiki zake, wa tajiri aliyemdai fedha, au wa mbunge ambaye kapteni alitaka msaada wake kesho na keshokutwa. Mwaka 1733 serikali ilifungua chuo cha majini mjini Portsmouth, lakini wazazi wengi hawakukipenda. Walijua kwamba kijana aliyeingia kwa mkono wa kapteni alikuwa na mtu wa kumsukuma mbele, na aliyetoka chuoni hakuwa naye.

Lakini kulikuwa na kizuizi kimoja. Mwaka 1677, Samuel Pepys, aliyekuwa katibu wa Admeralti, yaani wizara ya majini, alichoka kuona vijana wa nyumba kubwa wakipewa uluteni ilhali hawajui hata kamba ipi inavuta tanga lipi. Akaanzisha mtihani. Tangu hapo, mtoto wa bwana mkubwa na mtoto wa mchungaji wote walitakiwa kwanza kukaa baharini kwa miaka kadhaa. Katika karne ya 18 miaka hiyo ilifika sita, na angalau miwili kati yake iwe katika kazi ya ofisa mwanafunzi au msaidizi wa mkuu wa uongozaji wa meli. Baada ya hapo kijana alikwenda na madaftari yake na barua za makapteni wake, akasimama mbele ya makapteni watatu.

Mtihani wenyewe ulikuwa wa mdomo. Umekaribia miamba, upepo umegeuka ghafla na mlingoti wa mbele umevunjika, utafanya nini? Huko hakuna kubuni. Ambaye hajawahi kusikia mlingoti ukivunjika alitambulika mara moja, akaambiwa arudi baharini. Majeshi ya nchi kavu ya wakati huo hayakuwa na kitu cha namna hiyo. Katika jeshi la nchi kavu la Uingereza, hadi mwaka 1871 mtu mwenye fedha aliweza kununua cheo cha uofisa kama anunuavyo shamba. Cheo cha uluteni wa manowari hakikuuzwa.

Je, mtihani uliondoa upendeleo? Hapana. Uliubana tu. Kwa kuwa miaka ya baharini ilihesabiwa kutoka kwenye vitabu vya meli, baadhi ya makapteni waliandika majina ya watoto waliokuwa bado nyumbani wakicheza. Thomas Cochrane, aliyekuja kuwa mmoja wa makapteni hodari mno, aliandikwa na mjomba wake katika vitabu vya meli alipokuwa mtoto mdogo asiyejua bahari. Nelson naye alifanya mtihani mwezi Aprili 1777 akiwa na miaka 18. Sheria ilitaka 20. Mmoja wa waliokaa mezani kumpima alikuwa mjomba wake yule yule, ambaye wakati huo alikwisha kuwa mkuu wa bodi ya majini. Cheti kiliandikwa kwamba kijana anaonekana amezidi miaka 20.

Ukisikia hivyo utasema, basi ni yale yale. Lakini subiri. Mjomba alimfungulia mlango na kumwongezea miaka miwili kwenye cheti. Hakuweza kumpandia mlingoti. Kabla ya siku hiyo Nelson alikwisha kwenda visiwa vya Karibi kwa meli ya biashara, akafika kwenye barafu za kaskazini ya dunia mwaka 1773, kisha akavuka hadi Bahari yetu ya Hindi, akafika Bombay na Basra, ambako malaria nusura imwue. Alipokaa mbele ya wale watatu, alikuwa na miaka zaidi ya sita ya kazi, na maswali aliyajibu mwenyewe. Hiyo ndiyo nguvu ya utaratibu ule: hata aliyebebwa alilazimika kushuka na kutembea.

Upande wa pili wa upendeleo haukuwa na heri kama hiyo. Wengi wamesikia habari ya meli Bounty, ambayo mabaharia wake waliasi tarehe 28 Aprili 1789 katika bahari ya Pasifiki, wakamtosa kapteni wao William Bligh kwenye mashua pamoja na watu 18. Ndani ya meli hiyo alikuwamo kijana Peter Heywood, karibu miaka 17. Nafasi za maofisa wanafunzi zilikuwa zimejaa, kwa hiyo vitabuni aliandikwa baharia, lakini kazi na heshima yake vilikuwa vya ofisa mwanafunzi. Alikuwamo pia Thomas Ellison, kijana wa umri wa karibu na huo. Yeye alikuwa baharia kweli.

Wote wawili walibaki kwenye meli na waasi, wote walikamatwa kule Tahiti, na wote walifikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi mjini Portsmouth mwezi Septemba 1792. Wote walihukumiwa kifo. Tuwe wakweli, ushahidi haukuwa sawa: Ellison alitajwa na mashahidi kuwa alishika silaha siku ile, na Heywood hakutajwa hivyo kwa uhakika. Mahakama ilimwombea Heywood huruma, na ilimwombea pia baharia mmoja asiye wa ukoo mkubwa. Lakini Heywood alikuwa na jamaa kapteni, Thomas Pasley, aliyemtafutia mtu wa kumshauri mambo ya sheria. Alikuwa na dada aliyeandika barua kwa kila mwenye uwezo. Ellison hakuwa na mtu. Mwezi Oktoba Heywood alipata msamaha wa mfalme, na tarehe 29 ya mwezi huo huo Ellison alinyongwa pamoja na wenzake wawili. Heywood alirudi kazini, akawa kapteni mwaka 1803, na alisifika kwa kupima bahari na kuchora ramani.

Sisemi kwamba Heywood alistahili kufa. Nchi ilipata mtumishi mzuri kwa sababu alisamehewa. Swali ni Ellison angekuwa nani kama naye angekuwa na jamaa wa kumwandikia barua.

Sasa tuje huku kwetu. Mwezi Februari 1824 manowari Leven ya Kapteni William Owen, iliyokuwa ikipima pwani ya Afrika, ilifika Mombasa. Wamazrui waliotawala mji huo walikuwa wakitishwa na Sayyid Said wa Oman, wakaomba ulinzi wa Waingereza. Owen alikubali bila kuagizwa na serikali yake, akamwacha Luteni John James Reitz kuwa mkuu wa mahali, pamoja na ofisa mwanafunzi George Phillips na askari na mabaharia wachache sana. Kabla ya miezi minne kupita Reitz alikufa kwa homa. Jina lake limebaki kwenye maji ya Port Reitz, pale Mombasa. Madaraka yakamwangukia Phillips.

Fikiria hali hiyo. Kijana ambaye hata uluteni hajaupata, hana meli, hana simu ya upepo, barua yake itachukua miezi kufika kwa mkubwa wake, na mbele yake wako wazee wa Mombasa wenye siasa ya karne nyingi. Alishika hadi James Emery alipofika mwaka huo huo kuchukua nafasi. London baadaye iliukataa mpango wote wa Owen, na mwaka 1826 bendera ya Waingereza ikateremshwa. Lakini jambo la Phillips linatuonyesha maana ya mafunzo yale. Ofisa mwanafunzi alifundishwa tangu utoto kwamba mkubwa wake akianguka, yeye ndiye anayefuata, na kazi haisimami.

Katika karne hiyo hiyo manowari za Uingereza zilirudi pwani hii kuwinda majahazi ya watumwa. Meli kubwa haikuweza kuingia kwenye vijito na miamba, kwa hiyo mashua zilitumwa peke yake kwa siku nyingi, zikiongozwa na maluteni na maofisa wanafunzi. George Sulivan, aliyeongoza manowari Daphne na kuandika kitabu juu ya uwindaji huo mwaka 1873, alikuja pwani hii mara ya kwanza akiwa kijana katika manowari Castor mwaka 1849. Alirudi akiwa kapteni mwenye kuijua pwani.

Utaratibu wa zamani ulibadilika polepole. Mwaka 1794 wale watumishi wa kapteni walifutwa, vikawekwa vyeo maalumu vya vijana wanaosomea uofisa. Baada ya vita kwisha mwaka 1815 jeshi hilo, lililokuwa na watu zaidi ya laki moja, lilipunguzwa kwa miaka michache likabaki na chini ya elfu 25. Maofisa wanafunzi waliofaulu mtihani walizeeka wakisubiri nafasi, na waliopata walikuwa kwanza wale wenye wakubwa. Mtihani unapima ujuzi, lakini hauwezi kugawa kazi isiyokuwapo. Tangu miaka ya 1850 vijana wakaanza kufundishwa pamoja kwenye meli ya mafunzo, na mwaka 1905 kikafunguliwa chuo cha nchi kavu mjini Dartmouth.

Chuo hakikuondoa hatari. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipoanza mwezi Agosti 1914, wanafunzi wa Dartmouth walitolewa darasani wakapelekwa manowarini. Tarehe 22 Septemba nyambizi moja ya Kijerumani ilizamisha manowari tatu, Aboukir, Hogue na Cressy, kwa muda usiofika saa mbili. Watu zaidi ya 1,400 walikufa, na kati yao walikuwamo watoto wa miaka 15. Mmoja wa umri huo, Wykeham-Musgrave, alizama na Aboukir, akaokolewa na Hogue, ikazama. Akaokolewa na Cressy, nayo ikazama. Aliokotwa akielea juu ya kipande cha ubao. Uingereza yenyewe ilihoji baada ya hapo kama ni haki kuwapeleka watoto vitani, na leo sote tunajua jibu.

Basi tuchukue nini? Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, na Waingereza walimkunja kweli, hata wakamvunja. Ukatili ule hatuuhitaji. Mtoto mahali pake ni shuleni. Lakini zipo kanuni mbili ambazo hazijachakaa. Ya kwanza, anayetaka kuamrisha aanze kwa kufanya kazi ile ile atakayowaamrisha wengine, mbele ya macho yao. Ya pili, siku ya kupewa madaraka akae mbele ya watu watatu wanaoijua kazi, wamwulize maswali ambayo mjomba hawezi kumjibia.

Katika maofisi yetu kujuana kupo, na hakuna mwenye akili atakayeahidi kukumaliza kesho. Pepys hakukumaliza. Alichofanya ni kuweka mtihani mwishoni mwa njia, ili hata mtoto wa mkubwa asipite bila kujua kamba ipi inavuta tanga lipi. Ndugu msikilizaji, safari nyingine utakaposikia kijana fulani amepewa ofisi, usiulize tu ni mtoto wa nani. Uliza pia amepimwa na nani, na kwa maswali gani.

Kwa leo naishia hapo. Tukutane tena wiki ijayo.